Siku Mchinjaji Alipolazwa Chali

Hakuna mtu anayeogopa kisu kama mchinjaji, na asiyeamini akamuulize Rajabu wa Chang'ombe. Mtu mzima, ndevu zimeingia mvi, ng'ombe aliowachinja hata yeye mwenyewe hajui idadi yao, lakini asubuhi ile alipoitwa jina lake pale kwenye benchi la hospitali ya misheni, aling'ang'ania benchi kwa mikono miwili. Rafiki yake Sostenes akamshika mkono. "Twende, Rajabu," akamwambia kwa upole. "Polepole tu, kuna kizingiti hapo."

Upole ule ulimuumiza Rajabu kuliko hofu ya kisu chenyewe. Ngoja nieleze kwa nini, maana bila hilo habari hii haina chumvi.

Rajabu ni Mnyamwezi wa mjini. Babu yake alitoka Tabora na misafara, mzigo wa bwana mmoja kichwani, na alipofika Dodoma akasema basi, miguu imekataa. Akaoa, akazaa, akazikwa hapo hapo. Sostenes ni Mgogo wa Hombolo, mkulima wa zabibu na mzee wa kanisa. Sasa Mnyamwezi na Mgogo ni watani tangu enzi za misafara hiyo, na utani si mzaha wa kuokota njiani, ni haki ya mtu. Mtani atakutukana mbele ya wakwe zako na wewe utacheka. Atakuja msibani kwako ajilaze mahali pa maiti na kudai chai, na huna la kumfanya.

Hawa wawili walikuwa wameutumia utani huo mpaka ukang'aa. Sostenes akimwona Rajabu sokoni alipaza sauti kutoka mbali: "Wewe mpagazi! Mzigo wa watu umeutua wapi?" Na Rajabu alijibu bila hata kugeuka: "Nimeuacha kwa babu yako, yule aliyemtoza babu yangu hongo ya msafara kwa kata moja ya maji ya matope. Rudisha hongo yetu, mwizi wee!" Wauza nyanya walikuwa wakiwangoja kila Jumamosi. Siku ambayo mmoja wao hakuja, soko lilipoa.

Kazi ya Rajabu, kama nilivyosema, ilikuwa kuchinja. Dodoma kila mwenye shughuli ana jirani wa dini nyingine, na mtu mwenye busara hamwaliki mgeni kisha akamlaza njaa. Kwa hiyo hata Wakristo wakiwa na harusi au kipaimara humwita Mwislamu achinje, ili kila aliyekuja ale. Rajabu ndiye aliyekuwa akiitwa, kutoka Miyuji mpaka Hombolo, kwa sababu kisu chake kilikuwa na adabu. Hakukinoa mbele ya mnyama. Alimpa maji kwanza. Alimlaza taratibu, akamwelekeza kibla, akamfunika macho kwa kitambaa asione chuma, halafu Bismillahi, Allahu Akbar, mara moja tu na kwisha. "Mnyama asijue kuna jambo," alipenda kusema, na watu walimwamini.

Kisha macho yakaanza kuingia ukungu. Mwanzoni alisema ni vumbi la Dodoma, na nani angembishia, vumbi lipo. Baadaye akasema ni moshi wa jikoni. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, kila kitu kinauzwa barabarani: mashati ya mitumba, redio za Dubai, mpaka miwani ya kafa-Ulaya imepangwa juu ya turubai. Rajabu akanunua ya kwanza, ikamtia kizunguzungu. Akanunua ya pili, yenye maua ya dhahabu pembeni. Mkewe Shamila alipomwona nayo alishika kiuno. "Baba, hiyo miwani ni ya bibi mmoja wa kizungu, na sidhani kama yeye naye alikuwa anaona." Alicheka peke yake. Rajabu hakucheka, kwa sababu wakati huo alikuwa tayari anaitafuta shingo ya mbuzi kwa mkono wa kushoto, na hakuna aliyejua.

Ikaja harusi ya Ruthu, binti wa Sostenes. Ng'ombe dume, mnene, wageni wamejaa uani, nusu yao wametoka Chang'ombe kwa heshima ya Rajabu. Alifanya kila kitu kama siku zote. Maji, kibla, kitambaa. Akataja jina la Mungu, akavuta kisu, na kisu hakikukata. Sijui niseme nini zaidi. Yule dume alijirusha, akakata kamba, akakimbia na jeraha lake katikati ya masufuria na akina mama, mpaka vijana wakamwangusha na mchinjaji mwingine, Hanifu, akammaliza kwa kisu chake. Watu wa Chang'ombe wakatazamana. Huyu kachinjwa, au ni kibudu? Hakuna aliyethubutu kusema, lakini hakuna aliyenyoosha mkono kwenye nyama. Walikula maharage, wakaaga mapema. Rajabu alikiacha kisu chake pale chini kwenye udongo na kuondoka kwa miguu.

Jumamosi iliyofuata alijikaza akaenda sokoni. Alikuwa amejiandaa. Alijua Sostenes atamchambua mpaka mifupa, na moyoni alikitaka kichambo hicho, maana mtani akishakusema jambo limekwisha, linageuka kuwa la kuchekesha. Sostenes akaja mpaka karibu, akavua kofia. "Habari za nyumbani, Rajabu? Shamila hajambo?" Basi. Wauza nyanya wote wakainamisha vichwa.

Rajabu alirudi nyumbani akakaa kizingitini. "Sostenes ameniita kwa jina," akamwambia mkewe.

Shamila aliacha kuchekecha unga. "Makubwa!" akasema. "Na hakukutukana?"

"Hata kidogo."

"Ole wetu," akasema Shamila, na akakaa chini karibu naye.

Tangu siku hiyo Rajabu hakushika kisu. Na Sostenes, kila walipokutana, alikuwa mwema tu, mwema, mwema, mpaka inatia kichefuchefu. Ndiye aliyesikia ikitangazwa kanisani kwamba daktari wa macho atapasua watu wenye mtoto wa jicho. Ndiye aliyekuja na baiskeli kutoka Hombolo kumwambia. Shamila alitaka kwenda mwenyewe, lakini ile ni wodi ya wanaume, Sostenes akasema shemeji tulia, nitamuuguza mimi. Na hivyo ndivyo tulivyofika pale mlangoni, Rajabu na hofu yake.

Ndani alipokewa na nesi wa kiume, Fabian. "Shikamoo mzee," akasema, akampa kidonge na kikombe cha maji. "Kunywa yote."

Rajabu akanywa. Maji yalipopita kooni ndipo akili ikamgonga. Maji kwanza!

Wakamshika mabega wakamlaza chali juu ya kitanda chembamba, taratibu kabisa, mtu huku na mtu huku. "Mwanangu," akamnong'oneza Fabian, "hapa kibla kiko wapi?" Fabian alifikiri. "Mimi sisali huko, mzee, ila wazee wa Kiislamu wodini husali wakitazama lile dirisha." Na lile dirisha, Rajabu akaona kwa ukungu wake, lilikuwa mbele yake moja kwa moja, pale walipomwelekeza. Kisha akaja daktari, mwanamke, sauti nzuri, akajitambulisha kuwa ni Daktari Restuta. Akamfunika uso mzima kwa kitambaa cha kijani chenye tundu. Mahali fulani nyuma ya kichwa chake vyuma viligongana kidogo, halafu vikanyamaza, mtu kavificha.

Maji, kibla, kitambaa. Rajabu alilala pale jasho linamtoka mgongoni. Miaka yote ile alidhani mnyama hajui. Kumbe anajua! Anajua tangu kikombe cha maji!

"Daktari!" akaita kutoka chini ya kitambaa.

"Naam, mzee."

"Kisu kimenolewa?"

Daktari Restuta aliinama karibu. Bila shaka hajawahi kuulizwa hivyo. "Kimenolewa vizuri, mzee."

"Lakini sikukusikia ukikinoa."

"Si ulitaka usisikie?"

Jibu hilo lilimwingia Rajabu. Akajua huyu binti, awe wa dini gani, kisu chake kina adabu. "Na jina la Mungu?" akauliza, sauti imeshuka.

"Hapa kwetu hatukati kabla ya kuomba," akasema daktari, na kweli akaomba kwa Kikristo, maneno machache, amina. "Na wewe taja lako, mzee."

"Bismillahi," akasema Rajabu, na ulimi wake kwa mazoea ukawa umeshaanza kwenda kwenye takbira, maneno ya kuchinjia. Akaushika mbio mbio. Anayechinja hataji Rahmani wala Rahimu, hapo si mahali pa huruma. "Rrahmani Rrahim!" akapaza sauti ya adhana, ili Mwenyezi Mungu, daktari, Fabian na malaika wote waliomo chumbani waelewe kwamba hapa mtu hachinjwi, anatibiwa. Hata nje kwenye benchi walimsikia.

Sindano ya ganzi iliuma, tusidanganyane. Baada ya hapo hakukuwa na maumivu tena, ila mguso, na maji yanayotiririka kwenda sikioni, na mwanga mkubwa ambao ndani yake rangi zilikuwa zikitembea. Daktari alimsemesha kila hatua. Sasa natoa kioo kilichochafuka. Sasa naweka kipya. Usitikisike, mzee wangu. Rajabu hakutikisika. Alikuwa akisoma kila sura aliyoikumbuka, na zilipoisha akazianza upya.

"Tumemaliza," akasema daktari.

"Kunoa?"

"Kazi, mzee. Tumemaliza kazi."

Rajabu alicheka, halafu akalia kidogo, halafu akakumbuka jicho akanyamaza. Walimbandika pamba na plasta, wakamrudisha kitandani. Sostenes alimlisha uji kwa kijiko. Alimlisha vizuri, akimfuta midomo, wala hakusema hata neno moja juu ya Mnyamwezi mwenye ndevu kulishwa na Mgogo. Zamani neno hilo lingefika Hombolo kabla uji haujapoa.

Asubuhi wagonjwa wote waliopasuliwa jana yake walipangwa kwenye benchi refu la varanda, kila mmoja na jicho lake lililobandikwa. Daktari Restuta alianzia mwisho ule. Aking'oa plasta, huku varandani kulisikika ama kimya ama kelele. Mama mmoja wa Mvumi alipiga vigelegele mpaka akaambiwa atulie, atajiharibia. Rajabu alikuwa anasikiliza zamu yake ikikaribia, mikono imefumbwa mapajani. Alikuwa na jambo moja tu la kuogopa sasa. Kama jicho hili limekataa, basi yeye ni wa kulishwa uji na kuitwa kwa jina mpaka siku ya kufa.

Pamba ikatoka. Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa shuka la bluu limeanikwa kwenye kamba. Bluu! Alikuwa ameisahau kabisa. Akaona vidole vya daktari, akavihesabu vyote alipoulizwa. Akaona kuku anavuka uwanja, na unyoya mmoja wa kuku umekaa vibaya. "Alhamdulillahi," akasema, na mwili wake, bila kumuuliza, ukashuka kutoka kwenye benchi kwenda kusujudu.

Mkono ukamdaka kola ya kanzu kwa nyuma. "Wewe!" alifoka Sostenes. "Si umeambiwa usiiname?"

Ndivyo walivyokuwa wameambiwa wote: usiiname, usijifikiche, usibebe kizito, usikohoe wala kucheka kwa nguvu, na wa kusali asali amekaa. Rajabu akarudishwa benchini akaning'inia kwenye kola yake mwenyewe, akamshukuru Mungu akiwa wima. Nawaambia, Mgogo wa kanisani kumzuia Mwislamu asisujudu ni jambo ambalo mtani yeyote mwenye afya angelila mwaka mzima. Rajabu akamgeukia Sostenes, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Mikunjo imeongezeka. Mapengo nayo yameongezeka.

"Kumbe umezeeka hivi?" akamchokoza, kwa kujaribu. "Nimepasuliwa jicho ili nije kutazama hiki?"

Akangoja. Sostenes alitabasamu tu. "Pole, Rajabu," akasema. "Unaona vizuri lakini?"

Moyo wa Rajabu ukaanguka. Jicho limepona na mtani hajarudi. Kumbe si macho yaliyomfukuza, akawaza, ni ile aibu ya harusini, na aibu haipasuliwi hospitali. Jua lilikuwa zuri na kila kitu kilikuwa na kingo zake, lakini alitamani kurudi ndani akalale.

Sostenes alikuwa amekwenda wodini. Alirudi na mfuko wake wa safari, akakaa karibu yake, akatoa kitu kilichoviringishwa kwenye kipande cha kanga. Akakifungua mapajani. Kilikuwa kisu cha Rajabu. Mpini ule ule wa mpingo, kamba ile ile.

"Ulikiacha kwangu," akasema. "Kitazame."

Rajabu alikichukua. Mikono yake ilikijua, lakini jicho jipya halikukijua. Makali yalikuwa yamelala upande mmoja. Na yalikuwa na mapengo, madogo madogo, moja kubwa katikati. Utauliza, kidole hakikuhisi? Kidole gumba cha mchinjaji ni sugu tupu, hakihisi kitu siku nyingi. Siku zote alikuwa akinoa, kisha anakiinua kisu kwenye mwanga na kutazama, na macho ndiyo yaliyokuwa yanamwambia tayari. Macho yalipokufa aliendelea kukiinua kwenye mwanga kwa mazoea tu.

"La ilaha illa Llah," akasema. "Hiki ndicho nilichomwekea yule dume?"

"Hicho hicho."

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikiokota jioni ile ile. Nikajua."

"Mbona hukusema? Sostenes, mbona hukunisema?" Rajabu alikilaza kisu mapajani. "Umenikalia kimya, unaniita kwa jina, unaniuliza habari za nyumbani kama karani wa kodi! Mimi nilikuwa nakungoja unitukane. Kila Jumamosi nakungoja!"

Sostenes alikuna kidevu. Naye sasa macho yake hayakuwa makavu. "Nikutukane vipi? Mtu haoni. Nikuambie kisu chako kina mapengo, utayatazama na nini? Utani ni wa watu wawili wanaoonana. Nikimtania asiyeona, huo si utani, huo ni kumcheka kipofu. Nilikuwa nayo mengi, Rajabu. Usiku mke wangu alikuwa ananikuta nacheka peke yangu. Nikayameza yote." Akamsogelea. "Sasa niambie ukweli. Unaona?"

"Naona."

"Vizuri vizuri?"

"Naona mpaka hilo jino lako la mwisho linavyojiandaa kuondoka."

Sostenes aliinuka. Akavua kofia, akakohoa, akaligeukia lile benchi zima la watu wenye plasta, akapaza sauti yake ya sokoni:

"Jamani! Mnaoona, njooni mumtazame Mnyamwezi anayechinja ng'ombe kwa msumeno! Dume langu lilikuwa halijui lichinjwe au lipasuliwe mbao! Babu yake alibeba pembe kutoka Tabora, huyu kashindwa kubeba kisu! Jana kitandani kapiga adhana, daktari akadhani kumekucha! Na mwanangu Yotham anaoa tukishavuna, ng'ombe yupo zizini, na huyu huyu mpagazi ndiye atakayemchinja, kwa hiyo anayependa maharage aje mapema!"

Varanda ikalipuka. Wenye jicho moja walicheka, wenye macho mawili walicheka, mama wa Mvumi akapiga vigelegele tena, na Fabian akatoka mbio akipiga kelele kwamba wameambiwa wasicheke kwa nguvu.

Rajabu alikuwa analia waziwazi, kisu mapajani. Fabian akamwinamia kwa wasiwasi. "Mzee, unaumwa?"

"Siumwi, mwanangu," akasema Rajabu, na akamnyooshea Sostenes kidole. "Nishikieni huyo mwizi. Bado hajarudisha hongo yetu."